Msaliti ni nani? Maana ya neno hili na namna ya kulitumia katika Kanisa



Katika kanisa zetu za mashariki kuna neno moja ambalo siku hizi linatoka kinywani kwa urahisi sana. Ni neno «msaliti», ambalo wengi wetu tunalitamka «musaliti». Tunalisikia sokoni, kwenye kisima, katika mikutano ya vijana, na sasa katika simu. Mwaka 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari, na Bukavu mwezi wa Februari, familia nyingi ziligawanyika. Wengine walibaki, wengine walikimbia, na wengine walirudi baadaye. Waliobaki waliwaita waliokimbia wasaliti, na waliokimbia waliwaita waliobaki hivyohivyo.

Tunaandika makala hii kwa sababu neno hilo limeingia pia ndani ya kanisa, na sisi wachungaji hatukulizuia. Katika kusanyiko moja letu, mzee wa kanisa alibaki kijijini wenzake walipokimbia. Ni yeye aliyetunza ufunguo wa kanisa na kuzika wafu. Ni yeye pia aliyelipa fedha kwenye bariera ya wenye silaha na kuchukua ile karatasi inayoitwa jeton, ili wamama wapite kwenda mashambani. Watu waliporudi, mtu mmoja alisimama katika mkutano akasema: «Huyu ni musaliti, alikuwa anawalipa.» Hakuna aliyeuliza swali. Yule mzee aliacha kuja ibadani, na watoto wake walitukanwa njiani. Sisi tulinyamaza majuma matatu.

Basi tujifunze pamoja: neno hili maana yake ni nini? Biblia inalitumia namna gani? Na ni wakati gani Mkristo anaweza kumwita mtu msaliti?

Neno lenyewe katika Kiswahili

Maneno «usaliti», «hiana», «uhaini» na «uasi» yote yana asili ya Kiarabu, na watu huyachanganya. Lakini kila moja lina kazi yake.

*Uasi* ni kukataa amri au utawala waziwazi. Mwasi husimama mbele yako na kusema «sitatii».

*Uhaini* ni kosa la kuitendea nchi au serikali mabaya kwa siri ukiwa mtu wake. Ni neno la mahakama zaidi kuliko la nyumbani.

*Hiana* ni kumtenda kwa udanganyifu mtu ambaye mna agano naye: mume na mke, ndugu na ndugu, mwenye mali na mtunzaji wa mali.

*Usaliti* una maana mbili katika kamusi za Kiswahili. Maana ya kwanza ni kutoa siri ya mtu aliyekuamini, au kumtoa mtu mwenyewe mikononi mwa adui zake. Maana ya pili ni kuchonganisha watu na kutia fitina kati yao. Wengi wetu tunaijua ile ya kwanza tu. Tafadhali ikumbukeni hii ya pili, kwa maana tutairudia.

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema pia «ametuuza». Usemi huu unaeleza jambo vizuri, kwa sababu mtu hawezi kuuza kitu kisichokuwa mkononi mwake. Vivyo hivyo, adui hawezi kukusaliti. Anaweza kukupiga, kukuibia, hata kukuua, lakini hajakusaliti, kwa sababu hukumpa moyo wako. Anayesaliti ni yule uliyemwamini. Ndiyo maana wazee walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Katika Agano la Kale

Neno la Kiebrania linalotafsiriwa mara nyingi kwa «hiana» ni *bagad*. Herufi zake tatu ndizo za neno *beged*, ambalo maana yake ni vazi. Hatusemi kwamba neno moja limezaa lingine, lakini aliyekulia katika Kiswahili atakumbuka mara moja methali ile ya nguo.

Mahali pazuri pa kujifunza *bagad* ni Malaki 2:10-16. Katika mistari hiyo michache nabii analitumia neno hilo mara tano. Na tuangalie anawasema akina nani. Hasemi juu ya askari wala wapelelezi. Anasema juu ya watu wenye Baba mmoja wanaotendeana hiana wao kwa wao. Kisha anasema juu ya mwanamume anayemwacha mke wa ujana wake, ambaye Mungu alikuwa shahidi wa agano lao. Kwa hiyo, kabla ya kumtafuta msaliti upande wa pili wa mto, nabii anatutuma kwanza nyumbani kwetu.

Neno la pili ni *maal*, yaani kuvunja uaminifu katika jambo ulilokabidhiwa. Ndilo linalotumika katika Yoshua 7 juu ya Akani. Alichukua vitu vilivyowekwa wakfu kule Yeriko: vazi, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50. Hapa tunaona jambo la kujifunza. Akani alikiri kwa kinywa chake, lakini hata hivyo Yoshua alituma watu hemani kwake, nao walivikuta vile vitu vimefichwa chini. Hakuhukumiwa kwa uvumi.

Na Zaburi ya 41 na ya 55 zinatuonyesha uchungu wa mtu aliyesalitiwa. Mwenye zaburi analia kwa sababu aliyemgeuka ni rafiki aliyekula chakula chake, mtu waliyekwenda pamoja nyumbani mwa Mungu. Mtu aliyesalitiwa kweli asiambiwe kwamba anaongeza maneno. Biblia inakichukua kilio chake kwa uzito.

Katika Agano Jipya

Jina la Yuda Iskariote linakwenda pamoja na neno la Kiyunani *paradidomi*. Maana yake ya msingi ni «kukabidhi», «kutia mikononi mwa mwingine». Kwa hiyo kosa la Yuda lina umbo lake: alikuwa mmoja wa wale 12, alipokea bei, na alimkabidhi Bwana kwa watu waliotaka kumwua. Bei ilikuwa vipande 30 vya fedha, ambayo katika Kutoka 21:32 ni fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe.

Lakini neno hilohilo halikuishia kwa Yuda. Wakuu wa makuhani walimkabidhi Yesu kwa Pilato, naye Pilato akamkabidhi kwa askari ili asulibiwe (Mathayo 27:2, 26). Kila mmoja alimpokea mtu asiye na hatia na kumpitisha kwa mwingine. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda hata kwetu: mmoja anataja jina, wa pili analipeleka, wa tatu analiandika, wa nne anashika panga. Kila mmoja anasema: «Mimi sikumwua.»

Na kuna ajabu nyingine. Katika Warumi 8:32 Paulo analitumia neno hilohilo kwa Mungu Baba, aliyemtoa Mwana wake kwa ajili yetu sote. Katika 1 Wakorintho 11:23 linatokea mara mbili katika mstari mmoja: Paulo anawakabidhi Wakorintho alichopokea, juu ya usiku ule Yesu alipotiwa mikononi mwa adui. Ndiyo maana kila tunaposhiriki meza ya Bwana tunautaja usiku wa usaliti. Tunakula mkate ule tukijua kwamba msaliti wa kwanza alikuwa mezani, naye Bwana hakumnyima mkate.

Kiyunani kina neno jingine, *prodotes*, yaani msaliti hasa. Linapatikana mara tatu tu katika Agano Jipya: Luka 6:16 juu ya Yuda, Matendo 7:52 na 2 Timotheo 3:4. Katika Matendo, Stefano analitumia kwa wakuu wa baraza la dini, waliomtoa Mwenye Haki. Mara tatu tu katika Agano Jipya lote! Sisi tunaweza kulitumia mara tatu kabla ya kunywa chai ya asubuhi.

Mambo ambayo si usaliti

Biblia haiweki makosa yote katika kikapu kimoja.

*Kukana si kusaliti.* Petro alikana kwamba anamjua Yesu, mara tatu, kwa hofu. Ni dhambi, naye alilia sana. Lakini Injili hazimwiti msaliti. Hakumpeleka mtu kwa adui, aliogopa kufa. Wangapi kati yetu, mbele ya bunduki, tumesema «simjui»? Petro aliulizwa swali moja mara tatu kando ya ziwa, akakabidhiwa kondoo (Yohana 21).

*Kuacha si kusaliti.* Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba njiani, na Paulo alikataa kwenda naye tena (Matendo 13:13; 15:38). Lakini baadaye Paulo huyohuyo aliandika kwamba Marko anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Ndugu anayehamia jumuiya nyingine, au mwimbaji anayeacha korali, ametuumiza pengine, lakini si Yuda.

*Kutofautiana mawazo si kusaliti.* Anayeuliza hesabu ya sadaka katika mkutano haisaliti kanisa. Anasaidia hazina isiwe kama mfuko ule aliokuwa nao Yuda, ambao kadiri ya Yohana 12:6 aliiba vilivyotiwa humo.

*Kuzaliwa si kusaliti.* Hapa tunasema kwa nguvu. Usaliti ni tendo. Lugha ambayo mama alikufundisha, sura ya uso wako, kijiji cha babu yako, hayo si matendo. Hakuna mtoto anayezaliwa msaliti, na hakuna kabila la wasaliti. Anayefundisha hivyo, hata akisimama mimbarini, hafundishi Neno la Mungu.

Walioitwa wasaliti bila kuwa hivyo

Ahimeleki, kuhani wa Nobu, alimpa Daudi mkate na upanga, bila kujua kwamba anamkimbia mfalme. Doegi Mwedomi aliona, akaenda kumwambia Sauli. Sauli alimhesabu kuhani kuwa mshiriki wa njama. Ahimeleki alijitetea, lakini hakusikilizwa. Walinzi wa mfalme walikataa kuwapiga makuhani wa Bwana, ndipo Doegi akawaua makuhani 85 siku moja, na kuupiga mji wao pamoja na wanawake na watoto (1 Samweli 22). Tujiulize: katika habari hii, msaliti ni nani? Ni kuhani aliyempa mkate mtu mwenye njaa, au ni yule aliyepeleka maneno? Hapa inarudi ile maana ya pili ya neno letu: anayechonganisha watu hata damu ikamwagika, huyo ndiye msaliti.

Mefiboshethi alikuwa kilema wa miguu. Daudi alipokimbia Yerusalemu, mtumishi wake Siba alimshtaki kwamba amebaki ili apate ufalme. Daudi aliamini papo hapo, akampa Siba mali yote. Aliporudi alimkuta Mefiboshethi hajatunza ndevu wala kufua nguo tangu siku mfalme alipoondoka (2 Samweli 16:1-4, 19:24-30). Alibaki kwa sababu alidanganywa na hakuwa na miguu ya kukimbilia. Hata mfalme mwema anaweza kuhukumu kwa kusikia upande mmoja.

Yeremia alikuwa anatoka Yerusalemu kwenda nchi ya Benyamini kwa shauri la urithi wake. Langoni, mkuu wa walinzi alimkamata akisema anahamia kwa Wakaldayo. Yeremia alisema ni uongo. Wakampiga, wakamfunga (Yeremia 37:11-16). Wangapi kwetu wamekamatwa bariera kwa sababu tu walikuwa wanakwenda kuona shamba la baba yao?

Na Obadia alifanya kazi katika nyumba ya mfalme Ahabu, wakati Yezebeli anawaua manabii. Aliyemwona kwa nje angesema amejiuza. Lakini aliwaficha manabii 100 katika mapango, 50 kila pango, akawalisha mkate na maji (1 Wafalme 18:3-4). Si kila anayefanya kazi chini ya mtawala mbaya ni mtu wake.

Neno hili katika historia

Neno la Kifaransa *traître*, ambalo wengi wetu tunalitumia, limetoka katika Kilatini *tradere*, maana yake kukabidhi, sawa na kile Kiyunani. Kanisa la Afrika lina historia chungu na neno hilo. Mwaka 303 kaisari Diocletian aliamuru Wakristo watoe Maandiko yao yachomwe moto. Katika Afrika ya Kaskazini, waliotoa vitabu waliitwa *traditores*, yaani waliokabidhi. Wengine walikuwa wametoa kweli. Wengine walishtakiwa bure. Askofu Mensurius wa Carthage alieleza kwamba aliyaficha Maandiko, na kuwaachia askari vitabu vya wazushi.

Mateso yalipokwisha, Caecilian aliwekwa kuwa askofu wa Carthage. Wengine walimkataa, kwa sababu mmoja wa waliomwekea mikono, Felix wa Aptungi, alishtakiwa kuwa *traditor*. Uchunguzi ulifanyika, na Felix alionekana hana hatia. Lakini kanisa lilikuwa limekwisha kugawanyika, na mwaka 411, zaidi ya miaka 100 tangu amri ile, maaskofu wa pande mbili walikuwa bado wanabishana juu ya jambo hilo huko Carthage. Ukweli ulipatikana, lakini haukuwarudisha pamoja.

Kwetu Kongo wazee wanakumbuka 1964. Waasi wa Simba walipoishika Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, kuanzia Agosti hadi Novemba mwaka ule, herufi tatu zilitosha kumwua mtu: PNP. Zilikuwa herufi za chama, *Parti National du Progrès*, ambacho wapinzani wake walikidharau kwa kukiita *Parti des Nègres Payés*, chama cha Weusi waliolipwa. Lakini wakati wa uasi hazikuwa tena jina la chama. Karani, mwalimu, mtu aliyesoma tu, aliweza kuitwa PNP na kuuawa. Leo herufi zimebadilika. Kazi ya maneno ni ileile.

Namna ya kulitumia

Hatusemi kwamba wasaliti hawako. Wako. Kuna aliyeonyesha nyumba ya jirani usiku. Kuna aliyeuza mashamba ya wajane kwa kuyaandika jina lake. Kuna mume aliyemwacha mke na watoto katika kambi ya wakimbizi na kuoa mjini. Kanisa lisipowataja linawasaliti walioumizwa. Lakini kabla ya kulitamka neno hili, tujiulize maswali matano:

1. *Ni tendo gani?* Kama jibu ni kabila, chama, lugha au mahali alipokaa, tunyamaze.
2. *Palikuwa na uaminifu gani uliovunjwa?* Alikuwa ameaminiwa na nani, kwa jambo gani?
3. *Nani alitiwa mikononi mwa nani?* Kama hakuna aliyekabidhiwa, pengine ni kosa lingine, lenye jina lingine.
4. *Alifanya kwa hiari, au bunduki ilikuwa kichwani?* Hofu haiondoi kila lawama, lakini Petro na Yuda hawakuhukumiwa sawasawa.
5. *Nani aliona?* Torati inataka mashahidi wawili au watatu, na shahidi wa uongo alipewa adhabu aliyomkusudia mwenzake (Kumbukumbu la Torati 19:15-19). Paulo anataka hivyo pia kwa shitaka juu ya mzee wa kanisa (1 Timotheo 5:19).

Majibu yakipatikana, tufuate njia ya Mathayo 18:15-17: kwanza wawili peke yao, kisha mashahidi, ndipo kanisa. Kundi la WhatsApp halimo katika njia hiyo. Jina na picha vikitumwa huko, hakuna anayeweza kuvikusanya tena, na hatujui vitafika kwa nani mwenye silaha.

Na msaliti wa kweli?

Yuda alijuta. Alirudisha fedha, akakiri kwamba ametoa damu isiyo na hatia. Viongozi wa dini walimjibu kwamba hilo halikuwahusu, ni shauri lake (Mathayo 27:3-5). Akaenda akajinyonga. Tunaposoma habari hii tunamlaumu Yuda, na ni haki. Lakini tuwatazame pia makuhani. Mtu alikuja kwao na dhambi mkononi, nao hawakuwa na neno la kumpa. Kanisa letu lisiwe hivyo. Anayekiri, anayerudisha alichochukua, anayekubali kujibu mbele ya sheria na mbele ya aliowaumiza, apate mtu wa kuomba pamoja naye.

Kuhusu yule mzee tuliyemtaja mwanzoni: baada ya majuma matatu tulikwenda nyumbani kwake, wachungaji wawili na mama mmoja wa kanisa. Tulimwuliza maswali ambayo tulipaswa kumwuliza siku ya kwanza. Alitoa mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na zile jeton zote, na nyuma ya kila moja ameandika jina la mama aliyepita siku ile. Hakumpeleka mtu yeyote kwa yeyote. Jumapili iliyofuata tuliyasoma yale majina mbele ya kusanyiko, na tuliomba msamaha hadharani, sisi kwanza, kwa sababu ya kunyamaza kwetu.

Amerudi ibadani. Anakaa kiti cha nyuma, karibu na mlango, na ufunguo wa kanisa bado hajakubali kuupokea tena. Hatumlazimishi. Tunamwombea, na tunawaomba ninyi pia mmwombee, na kwamba katika kila kanisa letu awepo mtu wa kusimama na kuuliza: «Nani aliona?»

Bwana atulinde vinywa vyetu. Amina.